Korosho za Masasi na Newala: Ganda la ndani linasafiri bure

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka inapofika Oktoba, macho na masikio ya wakazi wa Masasi na Newala huelekezwa kwenye jambo moja tu, nalo ni bei ya mnada wa korosho. Wakulima hukusanyika, zabuni za wanunuzi hutangazwa, na baada ya mabishano ya hapa na pale hukubali kuuza au kukataa. Katika msimu wa mwaka 2024/25 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na uzalishaji wa taifa zima ukapita tani 500,000, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa tangu zao hilo lianze kulimwa nchini.

Hata hivyo, ipo bidhaa inayotoka Uwanda wa Makonde kwa maelfu ya tani ambayo haitajwi katika mnada wowote. Ni ganda laini la ndani, lile la rangi ya kahawia linaloing'ang'ania punje ya korosho baada ya ganda gumu la nje kupasuliwa. Mbanguaji hulikwangua kwa kisu, likaanguka sakafuni, likafagiliwa na kutupwa au kutiwa motoni.

Ganda hilo lina tanini kwa wingi. Tanini ndiyo inayoyapa magome ya miti ladha ile kali inayokausha ulimi, na ndiyo iliyotumiwa na binadamu kwa karne nyingi kulainishia ngozi za wanyama na kutilia nguo rangi. Nchini India, ambako sehemu kubwa ya korosho ghafi za Tanzania hupelekwa, ganda hilo halitupwi. Huuzwa kwa wenye viwanda vya ngozi, na hufaa pia kutia rangi nyuzi za pamba, hariri na sufu.

Jambo hilo lingeweza kubaki kuwa maarifa ya maabara tu, kama si mabadiliko yanayotokea sasa katika biashara ya sufu duniani. Mabadiliko hayo yanawahusu wakulima wa Newala, ingawa wengi wao hawajapata kuvaa sweta.

Kwa nini sufu inatafuta mimea

Unyoya wa kondoo, ukitazamwa kwa darubini, una magamba yaliyopangana mithili ya vigae vya paa. Nguo ya sufu inapofuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, magamba hayo hukamatana na kuvutana, na nguo husinyaa na kuwa nene kama blanketi. Aliyewahi kufua sweta la mtoto na kulianua likiwa limebaki la kumtosha mwanasesere anaijua hasara hiyo.

Dawa iliyotawala viwandani kwa zaidi ya nusu karne ni klorini. Gesi hiyo hulainisha magamba, kisha unyoya hupakwa utando mwembamba wa plastiki. Kazi hufanyika vizuri na kwa gharama nafuu, lakini maji machafu yanayobaki huwa na michanganyiko ya klorini ambayo ni sumu kwa viumbe wa mitoni na huchukua muda mrefu kuoza. Kwa sababu hiyo, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, kijulikanacho kwa kifupi kama GOTS, hakiruhusu sufu kutibiwa kwa njia hiyo. Wenye viwanda wanaotaka kibali hicho wamelazimika kutafuta njia nyingine, na baadhi yao wamegeukia mimea.

Njia mojawapo inatoka kwenye mpapai. Kila mpishi wa pwani anajua kwamba nyama ngumu ikifungwa kwenye majani ya mpapai hulainika. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini vipande vipande. Kwa kuwa sufu nayo ni protini, papaini huweza kuyala magamba yake. Wataalamu wa Uingereza waliitumia kwa sufu tangu miaka ya 1940, wakati huo ikisaidiana na klorini yenyewe. Tatizo lake ni kwamba haijui mahali pa kusimama. Ikishamaliza magamba huingia ndani ya unyoya na kuudhoofisha. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakijaribu kuikuza molekuli ya vimeng'enya vya aina hiyo ili ibaki juu juu tu, isipenye ndani.

Njia ya pili inahusu rangi, na hapo ndipo ganda la korosho linapoingia. Tanini hushikamana na protini. Sifa hiyo ndiyo inayogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya kiatu, na ndiyo inayoifanya ishike kwenye sufu kwa urahisi kuliko kwenye pamba. Sufu ikichemshwa na ganda la korosho hupata rangi ya kahawia. Ikiongezwa shabu rangi hutulia na kung'aa zaidi, na ikiongezwa madini ya chuma hugeuka kijivu kilichokolea hadi kukaribia weusi.

Hapa pana jambo la kuwekwa wazi, kwani matangazo ya biashara hupenda kulichanganya. Tanini haizuii sufu kusinyaa. Hiyo ni kazi ya papaini na vimeng'enya vya jamii yake. Ganda la korosho hutia rangi na kusaidia rangi nyingine kushika, basi. Anayetaka kuwaambia wakulima wa Masasi kwamba taka zao zitamaliza matatizo yote ya kiwanda cha sufu atakuwa anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Biashara hii si ngeni Afrika Mashariki

Mfano wa karibu uko Kenya. Huko Njoro, kikundi cha wanawake cha Kenana Knitters, kilichoanza mwaka 1998, husokota sufu kwa mikono, huitia rangi kwa mimea na kufuma nguo na wanasesere wanaouzwa nje ya nchi. Kikundi hicho hakishindani na viwanda vikubwa kwa bei. Kinauza kitu ambacho viwanda hivyo haviwezi kukitoa, yaani nguo ambayo mnunuzi anaweza kuelezwa rangi yake imetoka kwenye mmea gani na imesokotwa na nani.

Tanzania nayo ina historia katika malighafi hizo zote mbili. Enzi za ukoloni Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza papaini kwa wingi ulimwenguni. Mapapai mabichi yalichanjwa yakiwa bado mtini, utomvu ukakingwa, ukakaushwa na kusafirishwa. Baadaye biashara hiyo ilihamia zaidi Uganda na Kongo, hususan eneo la Beni, na hapa nyumbani ikasahaulika.

Kuhusu tanini, tunayo mifano miwili ya kulinganisha. Wa kwanza ni magome ya mikoko kutoka delta ya Rufiji, ambayo tangu enzi za Wajerumani yalibanduliwa na kupakiwa melini yakiwa ghafi. Faida iliyobaki ilikuwa ujira wa kubandua. Mfano wa pili ni wa Njombe, ambako kampuni ya miwati, TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, haikusafirisha magome. Ilijenga kiwanda cha kuyachemsha na kuuza tanini iliyokwisha kukamuliwa. Miti ililimwa hapa, na kazi ya kiwanda ikafanyika hapa. Tofauti ya mifano hiyo miwili ndiyo kiini cha hoja ya makala haya.

Maana ganda la korosho la Masasi na Newala liko katika hali mbaya zaidi hata kuliko magome ya Rufiji. Aliyebandua magome alilipwa kwa kazi hiyo. Ganda la ndani la korosho husafiri bure.

Hesabu ya gunia

Tuangalie hesabu. Katika korosho ghafi, ganda gumu la nje huchukua karibu asilimia 70 ya uzito. Korosho karanga, yaani punje yenyewe inayoliwa, ni kati ya asilimia 20 na 25. Ganda la ndani ni sehemu ndogo, na kwa tahadhari tulihesabu kuwa asilimia mbili tu.

Kwa mavuno ya tani 500,000, asilimia hizo mbili ni tani 10,000 za malighafi yenye tanini. Ganda la nje ni tani 350,000, na ndani yake mna mafuta mazito yanayotumika kutengenezea rangi za kupaka, gundi na vitambaa vya breki za magari. Sehemu kubwa mno ya mzigo huo hupitia bandari ya Mtwara kwenda India na Vietnam ikiwa haijaguswa.

Katika biashara hiyo mnunuzi hupima ubora kwa kuangalia ni kiasi gani cha korosho karanga kitapatikana kwenye gunia la kilo 80. Bei anayoitoa mnadani inatokana na makadirio hayo. Mkulima hulipwa kwa kilo nzima, lakini thamani inayohesabiwa ni ya punje. Mafuta na tanini ni nyongeza ya atakayebangua, popote alipo. Kwa lugha nyepesi, mkulima wa Newala humuuzia mnunuzi ng'ombe kwa bei ya nyama, na ngozi ikaenda bure.

Viwanda vilivyogeuka maghala

Msomaji atauliza, kwa nini basi korosho zisibanguliwe hapa? Swali hilo lina umri mrefu kuliko wakulima wengi wa leo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kwa matumaini ya mavuno hayo kuongezeka, Serikali ilikopa fedha na kujenga viwanda 12 vya kubangua kwa mitambo kutoka Japan na Italia, vikiwamo vya Masasi na Newala. Lakini viwanda vilipokamilika korosho zilikuwa zimepungua. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa haikidhi, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka hadi tani zipatazo 16,500. Viwanda vilikosa malighafi, vingine havikuwahi kufanya kazi ipasavyo, na vilipobinafsishwa baadhi yake viligeuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Yamefuata mengi tangu hapo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08 na kuwapa wakulima sauti mbele ya walanguzi wa kangomba. Mwaka 2018 Bunge lilitikiswa na mjadala wa mapato ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, na Novemba mwaka huo huo Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likizisomba. Serikali imekwisha kutamka nia ya kuona korosho zote zinabanguliwa nchini ifikapo mwaka 2030.

Katika mijadala yote hiyo hoja ya kubangua imehesabiwa kwa korosho karanga pekee. Na hapo ndipo wabanguaji wa ndani wanaposhindwa. Kiwanda cha India au Vietnam huuza punje, kikauza mafuta ya ganda, na kikauza ganda la ndani. Mbanguaji wa Masasi huuza punje tu, kisha hutumia fedha kutafuta mahali pa kutupa mabaki. Ushindani wa namna hiyo hauwezi kuwa wa haki, hata kama mishahara na umeme vingelingana.

Kikwazo cha maji

Wako watakaosema kwamba njia ya mkato ni kujenga kiwanda cha kutia rangi papo hapo Newala. Wazo hilo linavutia kulisikia, lakini haliendani na jiografia ya mahali.

Anayesimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, huona bonde la Ruvuma likitandaa chini yake hadi upeo wa macho. Maji yako huko chini. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga, mvua hunyesha na kuzama, na chemchemi hutokea kwenye miguu ya miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde walishuka na kupanda miteremko hiyo na vyombo kichwani. Mradi wa Maji Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulibuniwa kuyasukuma maji kutoka bonde la Kitangari hadi juu, na hadi leo uboreshaji wake ni miongoni mwa kazi kubwa za Serikali katika ukanda huo.

Kutia rangi kilo moja ya sufu kwa mimea huhitaji makumi ya lita za maji, bila kuhesabu ya kusuuza. Kuuchukulia mji wenye kiu maji yake ili kuoshea sufu iliyoletwa kutoka mbali itakuwa ni kumvua aliye uchi. Isitoshe, kusini hakuna kondoo wa sufu wa kutajwa. Kondoo wengi wa Tanzania ni wa nyama na wana manyoya mafupi yasiyosokoteka.

Kinachowezekana ni kingine. Ganda la ndani hutoka kiwandani likiwa kavu kabisa, kwani korosho hukaushwa kwa joto kabla ya kumenywa. Halihitaji maji, halihitaji barafu, na likitunzwa vizuri ghalani halinyauki. Linaweza kuchambuliwa, kusagwa, kufungwa kwenye magunia na kuuzwa kwa wenye viwanda vya ngozi na watia rangi wa Njoro, Nairobi au Ulaya. Hatua ya kukamua tanini yenyewe inaweza kufanyika Mtwara mjini au kwingine penye maji ya uhakika, kwa kufuata njia ya Njombe.

Usafi nao ni sharti. Mafuta ya ganda la nje huchoma ngozi, na wanawake waliobangua kwa mikono wanazo alama za kuthibitisha hilo vidoleni mwao. Ganda la ndani lililochafuka kwa mafuta hayo halifai kwa nguo ya mtoto. Kwa hiyo mnunuzi wa sufu atataka kujua korosho ilibanguliwa kwa njia gani, na kiwanda kinachotumia mvuke kitakuwa na nafasi nzuri kuliko kile kinachochovya korosho kwenye mafuta ya moto. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Naliendele, ambayo imefanya kazi kubwa ya kuleta mbegu bora na kupambana na ubwiriunga, ina uwezo wa kulipima jambo hilo na kuweka viwango.

Nani mwenye ganda?

Pamoja na hayo yote, tahadhari ni lazima. Uwanda wa Makonde umewahi kutegemea bidhaa ya mimea iliyotamaniwa na ulimwengu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpira wa porini uligemwa huko na kupelekwa Lindi na Mikindani. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa sababu mashamba ya Kusini-Mashariki mwa Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei rahisi. Rangi za mimea nazo zilipata pigo kama hilo baada ya Mwingereza William Henry Perkin kutengeneza rangi ya maabara mwaka 1856, na kiwanda cha BASF cha Ujerumani kuanza kuuza nili ya maabara mwaka 1897. Soko la sufu ya rangi za mimea ni dogo, na mitindo ya mavazi hubadilika. Hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri mkorosho upandwe kwa ajili ya ganda.

Lakini hakuna anayeshauri hivyo. Ganda lipo tayari, korosho zitavunwa hata sufu isipokuwapo, na gharama ya kulikusanya ni ndogo mahali panapobanguliwa korosho. Suala la kujiuliza ni je, linapoanza kuwa na thamani, ni mali ya nani?

Kwa utaratibu wa sasa jibu ni rahisi: ni mali ya mwenye kiwanda. Hata viwanda vyote vikijengwa nchini ifikapo 2030, mkulima ataendelea kulipwa kwa makadirio ya punje, na mafuta na tanini vitabaki mikononi mwa mwekezaji. Ushuru utapatikana na ajira zitapatikana, lakini mwenye mkorosho hatakuwa amesogea hata hatua moja.

Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, ndivyo vyenye nafasi ya kulibadilisha hilo. Vinaweza kubangua vyenyewe, au vikaingia mikataba na wenye viwanda ya kubanguliwa korosho kwa ujira, huku punje, mafuta na ganda la ndani vikibaki mali ya wanachama. Mikataba ya namna hiyo ni rahisi kuiandika kabla kiwanda hakijajengwa. Baada ya mitambo kufungwa na masharti kutiwa saini, ushirika utakuwa unaomba kile ambacho ungeweza kukidai.

Bodi ya Korosho nayo haina budi kuanza kuziweka bidhaa hizo katika takwimu zake za kila msimu: tani ngapi za ganda la nje, mafuta kiasi gani, ganda la ndani kiasi gani, na viliuzwa kwa nani. Kisichohesabiwa hakidaiwi. Kwa sasa mkulima anayetaka kujua thamani ya anachokipoteza hana mahali pa kuisoma.

Msimu ujao utakapofunguliwa, zabuni zitatangazwa kama kawaida na wakulima watapiga kelele za kukubali au kukataa. Itakuwa vema kama miongoni mwao atanyanyuka mmoja na kuwauliza viongozi wa ushirika wake swali jepesi: bei hii ni ya korosho karanga, na ya ganda je?